Kikohozi cha Upande wa Kushoto

Baba mkubwa wangu alinunua mashine ili amsikie mtu akimeza mate.

Sitanii. Watu wengine wa Karatu, msimu wa watalii ukiwaendea vizuri, wanajenga vyumba vya kupangisha, au wanaongeza ng'ombe wa maziwa, au basi wanaoa. Yeye aligeuza stoo ya maharage kuwa chumba cha kusikilizia. Ukutani akabandika trei za mayai alizozichukua kwa mama mkubwa bila kuomba, na tangu hapo mayai ya nyumba ile yakawa yanaenda sokoni ndani ya ndoo, yamefunikwa majani makavu kama wagonjwa. Trei zilipokwisha kabla hajaufikia ukuta wa kushoto, akatundika pale shuka tatu za Kimasai. Alizinunua njia ya Endulen kwa bei ya watalii, yeye ambaye kazi yake ni kuwaendesha hao watalii. Katikati ya chumba akaweka kiti. Kimoja. Spika mbili zenye kimo cha mtoto wa chekechea, na kiti kimoja mbele yake, kama kwa kinyozi aliyekimbiwa na wateja.

Sheria za chumba: viatu nje, simu nje, kutafuna marufuku, na kupumua ni kwa pua.

"Unapumua kwa nguvu sana wewe mtoto," aliniambia siku ya kwanza.

"Nimezoea tangu nizaliwe, Bamkubwa."

"Basi punguza."

Nilikuwa kidato cha tatu, nakaa kwake ili niwe karibu na shule. Wazazi wangu wako Endamarariek, wanalima ngano na mbaazi na wanaishi na bibi. Kwa Baba mkubwa kazi zangu zilikuwa kuosha vyombo, kulisha kuku, na kuwa sikio la pili. Hicho ni cheo, alinipa mwenyewe. Kwa vile kiti kilikuwa kimoja, sikio la pili lilikaa chini kwenye saruji.

Nikiishia hapo utadhani ni kichaa cha mtu aliyeshiba. Hapana. Kichaa kile kilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa woga.

Babu yetu alikuwa amefariki, na familia ilikuwa inajiandaa kukutana Endamarariek mwaka ukitimia, kuweka msalaba wa saruji kaburini. Siku kama hiyo mchungaji hufanya yake, akimaliza wazee hukaa uani, na mkubwa wa nyumba hutamka slufay. Hiyo ni sala yetu sisi Wairaqw, ndefu, ya maneno ya kizamani. Mmoja anatamka kipande, waliokaa wanaitikia kwa mguno mzito wa kifuani. Anatamka kingine, wanaitikia tena. Haisomwi kwenye karatasi. Babu alikuwa bingwa wake. Alikuwa akianza hata mbuzi wanatulia. Sasa Babu hayupo, na mkubwa wa nyumba ndiye huyu mwenye trei za mayai.

Naye hakuijua. Alipelekwa bweni akiwa mdogo, akaenda Arusha, akaja kuendesha wazungu. Kiingereza anacho, Kijerumani cha kusalimia anacho, Kiiraqw chake ni cha kuulizia chakula. Siku ya mazishi mzee mmoja alimshika bega akamwambia, "Mwakani tutakusikia." Nilikuwa nimesimama pale. Huyu ni mtu anayezima gari mbele ya simba na kuendelea kumenya ndizi, lakini siku ile nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa bibi, akae naye jikoni wiki mbili, afundishwe bure na uji juu. Baba mkubwa alikuwa na njia yake. Mama mkubwa aliwahi kumrekodi Babu kwenye harusi ya ndugu yetu, dakika sita, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akiwa amesimama mbali karibu na wanaogawa chakula. Rekodi ikatumwa kwenye kundi la ukoo, na huko ikakandamizwa kama mitumba kwenye robota. Ukiisikiliza, Babu anasali ndani ya dumu la lita ishirini, nje ya dumu watu wanagonga sahani. Basi shauri la Baba mkubwa lilikuwa hili: itafutwe mashine ya kuisafisha sauti ile, ichomekwe uani siku ya msalaba, na Babu aongoze mwenyewe.

"Mzee atasali," aliwatangazia ndugu kwa simu, mmoja baada ya mwingine. "Mtamsikia kama yupo."

Ugonjwa huo wa mashine aliupata kazini. Alikuwa amepandisha mgeni mmoja, ukungu ukawazuia juu ya kreta, wakaegesha njia ya Endulen kusubiri ufunguke. Mgeni alikuwa na kidude mfukoni na hedifoni kubwa kama vikombe vya chai. Akamvisha. Saa nzima Baba mkubwa alikaa kwenye usukani akisikiliza mwanamke wa Kizungu anaimba, na aliporudi nyumbani hakuwa mtu yuleyule.

"Alimeza mate," alituambia mezani, kijiko kikiwa hewani. "Kabla ya ubeti wa pili. Nimesikia koo linashuka."

Mama mkubwa hakuinua macho kwenye sahani. "Mimi nameza mate humu ndani tangu unioe, hujawahi kunisikia hata siku moja."

Mgeni alikuwa amemwambia kwamba siri iko kwenye strima. Ni kisanduku kinachovuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye spika, lakini strima ya maana, kabla haijaupeleka, inaupandisha. Baba mkubwa alinieleza kwa kuchora na kijiti kwenye vumbi la uani. Sauti iliyo kwenye faili si mstari, ni nukta, elfu arobaini na nne na mia moja kwa kila sekunde. Mashine za watu wa kawaida zinazicheza zilivyo. Mashine ya maana inapachika nukta nyingine katikati, na nyingine katikati ya hizo, mpaka zinafika malaki.

"Hizo za katikati inazitoa wapi?"

"Inazikokotoa."

"Yaani inabahatisha."

"Inakokotoa, nimesema."

"Bamkubwa, darasani kwetu kuna chalii anajua mwanzo wa hesabu na jibu la mwisho, katikati anajazia. Mwalimu haiti kukokotoa."

Akafuta mchoro kwa kiatu. Lakini nilikuwa sijamaliza, sijui kwa nini huwa simalizi. Nikamwambia kama simu haikusikia neno la Babu siku ile, hakuna mashine ya Ulaya itakayolijua leo, maana haikualikwa harusini.

Kuchagua kwenyewe kulichukua kipindi chote cha mvua ndogo. Alisoma maoni ya wataalamu mtandaoni kwa kuyatafsiri kwenye simu, na mimi nikalazimishwa kusikiliza tafsiri. Strima hii ina joto. Hii ina hewa. Hii ina nafasi kubwa mbele lakini nyuma pamebana. Ile inaondoa pazia. Nikamuuliza kama tunanunua mashine ya muziki au tunatafuta chumba na sebule. Mtaalamu mmoja aliandika kwamba mashine fulani ina ladha ya asali iliyokaa. Mwingine akaandika kwamba mashine ileile ni kavu kama mkate wa juzi. Hakuna aliyesema inasikikaje. Watu wazima, wenye nyumba zao, wamekaa Ulaya wanaonja waya.

Hatimaye akaenda kwa mwenye duka la redio karibu na soko, mzee mmoja Mwislamu tuliyemwita Shehe, mtu wa maneno mengi na bei moja. Nilikwenda naye kubeba.

"Shikamoo Shehe."

"Marahaba binti yangu. Leo umemleta mzee wa simba! Karibu, karibu. Sabufa mpya zimeingia. Hii ukiiwasha hapa watu wanacheza mpaka kule Rhotia."

Baba mkubwa akamwonyesha picha za strima kwenye simu. Shehe akavaa miwani, akaangalia, akavua miwani.

"Haina spika?"

"Haina."

"Redio haina?"

"Haina."

"Taa za rangi?"

"Shehe, hii inapandisha sauti."

"Inapandisha sauti wapi, nawe unasema haina spika! Kaka, ngoja nikuulize. Unataka kumsikia marehemu mzee wako, si ndiyo? Mungu amrehemu. Mtie kwenye flashi." Akachomoa flashi kwenye kopo la vijiko. "Hii nakupa bure. Chomeka kwenye sabufa, bonyeza, mzee anasali mpaka majirani wanatubu."

"Flashi inakausha sauti," alisema Baba mkubwa, kwa uso wa mtu anayetaja ugonjwa wa ng'ombe.

Shehe akanigeukia mimi. "Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala."

"Basi ni mapenzi ya Mungu." Na kwa kuwa ni mfanyabiashara kabla ya kuwa mshauri, akaahidi kuagiza mashine mbili kwa ndugu yake aliyeko Dar. Zijaribiwe zote, moja ibaki, moja irudi ikiwa haina hata mkwaruzo. Flashi akaitumbukiza kwenye mfuko wangu wa shati la shule tukiwa tunatoka. "Shika wewe," akaninong'oneza. "Akili ikimrudia, mpe."

Mashine zikaja, moja ya kijivu, moja nyeusi. Ya kijivu ilipandisha nukta mpaka laki tatu na themanini na nne elfu. Nyeusi ilizidisha hiyo mara mbili, tena ilikuwa na vichujio sita vya kuchagua, kila kimoja kikitoa, eti, sauti tofauti. Baba mkubwa akalichukua daftari langu la Jiografia, akageuza nyuma, akapiga mistari. Kijivu. Nyeusi kichujio cha kwanza. Nyeusi kichujio cha pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukurasa. Na wimbo wa kupimia ulikuwa mmoja tu: Babu.

Kila siku nikirudi shule, kabla sijavua soksi, Babu anaanza. Mvua ije taratibu, isije na mawe. Njia za watoto ziwe nyeupe. Sahani zinagongana. Ng'ombe wajae zizi mpaka mlango usifunge. Mbuzi analia. Kisha kile kipande nilichokipenda mimi: ugonjwa upite mbali na upepo, usiijue njia ya kwetu. Baba mkubwa anafumba macho, anainamisha shingo kama jogoo anayesikiliza mwewe, anaandika alama, anabonyeza, na Babu anaanza upya. Mzee yule alisali ndani ya stoo ile mara nyingi kuliko alivyosali maisha yake yote, na safari hii mle chumbani hakuna aliyemwitikia, maana kuitikia ndiyo ilikuwa dhambi kubwa kuliko kupumua. Siku moja, kwa mazoea, mguno ulinitoka kifuani. Akazima mashine.

"Nimekwambia usiitikie. Umefunika mwisho wa neno."

"Neno lenyewe lina sahani, Bamkubwa."

"Toka nje."

Jioni hiyo bibi alipiga simu kuulizia maharage, nikamsimulia. "Anatamka, nanyi mmekaa mnamwangalia?" akasema. "Hata mlevi akitamka barabarani ataitikiwa. Mwambie huyo mwanangu, anamfanya baba yake aongee peke yake kama kichaa."

Sikumwambia. Nilikuwa na mpango mwingine na stoo ile.

Stoo ile ndiyo ilikuwa mahali pazuri pa kulia karanga, kwa sababu trei zinameza sauti. Ijumaa moja nilirudi mapema, nikajipenyeza nyuma ya shuka za kushoto, kati ya shuka na ukuta, na karanga zangu za kukaanga. Baba mkubwa akaingia. Nikaganda. Akakaa kwenye kiti, akawasha nyeusi, kichujio cha tatu. Babu akaanza. Mvua, njia, sahani, ng'ombe, mbuzi. Ugonjwa upite mbali na upepo, usiijue njia ya kwetu. Na hapo hapo ganda la karanga likanikaa kooni, nikakohoa.

Kikohozi changu, naomba nikitetee, si cha msichana. Nina sauti nzito, kwaya ya shule wananiweka mstari wa nyuma na wavulana. Kilitoka kizito, chenye kokoto, kama cha mzee aliyevuta tumbaku tangu mkoloni. Nikafumba macho kusubiri shuka ifunuliwe.

Haikufunuliwa. Nikasikia kalamu.

"Kikohozi," alisema polepole huku akiandika. "Kushoto. Nyuma kidogo."

Jamani. Mngekuwa mimi mngefanya nini?

Akarudisha mwanzo. Babu akaanza tena, na mimi nyuma ya shuka nikawa nahesabu vipande kwa vidole, mvua, njia, sahani, ng'ombe, mbuzi, ugonjwa, nikakohoa. Akapiga paja. Akarudisha tena. Nikakohoa tena. Mara nne, mahali palepale, na mara ya nne nikaongeza kusafisha koo kidogo ili apate thamani ya pesa yake. Kisha akawasha ya kijivu ili alinganishe. Nikatulia kama maiti. Kijivu haikuwa na kikohozi.

Alitoka mbio na soksi. Kupitia ukutani nilimsikia anapiga simu Endamarariek. Nilikuwa nimejibana mdomo kwa shuka, nacheka mpaka machozi, ndipo nikasikia anachosema.

"Mama. Mama, nimemsikia." Akamtaja mzee mmoja, rafiki wa Babu wa tangu kuchunga, aliyetangulia kufa kabla ya Babu. "Alikuwepo siku ile. Amekaa kushoto. Anakohoa kile kikohozi chake. Ndiyo, Mama. Mashine imemtoa."

Sijui bibi alijibu nini. Najua kwamba Baba mkubwa alisema, "Usilie, Mama," na yeye mwenyewe akapenga kamasi.

Nikatoka nyuma ya shuka, nikapitia dirishani. Karanga zilizobaki niliwapa kuku.

Ningeungama siku ile ningekuwa nimechapwa na yakaisha. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, keshokutwa ikawa haiwezekani. Jumatatu alijaribu nyeusi nikiwa shuleni, kikohozi hakikutokea. Unadhani alishtuka? Aliniambia kwamba mashine za namna ile zinahitaji kupata moto siku kadhaa, wataalamu wote wamesema. Mtu anayeweza kunusa tembo kabla hajamwona! Mambo ya chumba kile yalikuwa hivyo: mashine ikikupa kitu ni ubora wake, isipokupa bado haijapata moto. Dini nyingi zingefurahi kuwa na waumini wa aina ile.

Nyeusi ikabaki. Kijivu ikarudi kwa Shehe haina mkwaruzo.

Siku ya msalaba tulikwenda Endamarariek na gari la watalii, spika zimefungwa mikanda kwenye viti vya wageni. Mchungaji akafanya yake. Msalaba ukasimama, mama zangu wakaweka maua. Kisha wazee wakakaa uani kwenye mabenchi ya kanisa, sisi wanawake na watoto tukakaa upande wa kushoto chini ya paa la jiko, bibi akiwa mbele kwenye kigoda. Katikati ya uwanja, mahali anaposimama mtamkaji, ilikaa meza yenye kitambaa, na juu ya kitambaa ile mashine nyeusi, inawaka taa moja ndogo ya bluu. Waya ulitoka kwenye gari. Kuku walizunguka spika.

"Hicho ndicho mzee?" aliuliza mtoto mmoja. Akafinywa.

Yule mzee wa siku ya mazishi aliiangalia meza, akamwangalia Baba mkubwa, akatema mate pembeni, si kwa ubaya, kwa kushangaa tu.

Baba mkubwa akabonyeza simu. Na Babu akaanza.

Siwezi kudanganya hapa. Dumu lilikuwa dumu lilelile, lakini lilikuwa kubwa, limejaa uwanja. Mvua ije taratibu. Kwenye rekodi wale wa harusini wakaitikia, na uani wazee wakaitikia pamoja nao, waliokufa na waliokaa, mguno mmoja uliotikisa benchi. Bibi akafunika mdomo kwa kanga. Njia za watoto ziwe nyeupe. Mguno. Baba mkubwa akanitafuta kwa macho pale jikoni, na uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa kuibia. Ng'ombe wajae—

Kimya.

Taa ya bluu ikawa inapepesa. Kwenye kioo cha mashine kakatokea kaduara, kanazunguka.

Msomaji, Babu alikuwa mtandaoni. Ile mashine ya nukta laki saba na ushee haikuwa na Babu ndani yake hata kidogo. Baba mkubwa alikuwa amempandisha Babu kwenye hifadhi ya mtandao, huko mbinguni kwa Wazungu, na strima ilikuwa inamvuta kutoka huko kupitia simu yake. Na Endamarariek kwa kina bibi mtandao unakaa juu ya kichuguu nyuma ya zizi, ukitaka kuongea unaufuata. Flashi ya Shehe ilikuwa Karatu, kwenye mfuko wa shati langu la shule, limetundikwa msumarini.

Wazee waliitikia kile kipande nusu, kwa adabu. Kisha wakangoja. Kaduara kakazunguka. Baba mkubwa akabonyeza simu, akaiinua juu, akaishusha, akapangusa viganja kwenye suruali. Mguno wa pili wa wazee ukatoka bila kipande chochote, wakiwa kama watu wanaogonga mlango. Huo ndio utaratibu wetu, na ndio ukatili wake: ukishaanza, waliokaa hawanyamazi mpaka umalize.

Nilimwona anafungua mdomo. Nilidhani anaomba radhi.

"Ng'ombe wajae zizi," alitamka, kwa Kiiraqw, "mpaka mlango usifunge."

Ilikuwa sauti ya Babu. Simaanishi ilifanana, namaanisha ilikuwa ndiyo, na pumzi zake na pale anapovuta mwisho wa neno. Bila shaka. Alikuwa ameisikiliza mara ngapi? Vichujio sita, mashine mbili, ukurasa mzima wa daftari langu la Jiografia. Alikwenda kuchagua chombo, akameza sala. Wazee wakaitikia, benchi likatikisika.

Akaendelea. Na aliendelea kijinga, kama nilivyotegemea. Alikuwa ameikariri na makosa yake. Alipofika mahali pengine sahani zilipogongana, penye neno ambalo hakuwahi kulisikia, hakuliruka. Alilinguruma, kama mtu ndani ya dumu. Mzee wa mazishi akaangua kicheko, akalitaja neno lenyewe kwa sauti. Baba mkubwa akalirudia. Mguno. Kwenye mbuzi akatulia kidogo, akimsubiri mbuzi. Watu wakaanza kutazamana, na mimi nikaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sababu nilijua kinachofuata baada ya mbuzi.

"Ugonjwa upite mbali na upepo, usiijue njia ya kwetu."

Wazee wakaitikia. Na Baba mkubwa akanyamaza.

Alisimama pale, mdomo wazi, kichwa kimeinama kushoto. Alikuwa ameisoma hivyo, na baada ya kipande kile kuna kitu kinakuja, na kisipokuja hajui pa kushika. Sekunde ikapita. Nyingine. Wazee wakaguna tena, wakimsukuma. Nikamwona bibi naye ameinua kichwa, anangoja.

Nikakohoa.

Kizito, chenye kokoto, na kusafisha koo mwishoni.

"Maji yatoke mlimani," alidaka Baba mkubwa mara moja, "yafike kwa wenye kiu." Na hapo hakusimama tena mpaka mwisho. Shangazi mmoja alinipiga kiwiko kwa utovu wa adabu. Bibi hakugeuka, alitikisa kichwa polepole tu, na kanga yake ilikuwa imelowa.

Mtandao ulirudi tukiwa kwenye pilau. Babu akalipuka kutoka kwenye spika kwenye kipande kilekile alichokatikia, na uwanja mzima ukaitikia na wali mdomoni. Hapo ndipo nilipocheka mpaka nikaenda kukaa nyuma ya zizi, kwenye kichuguu cha mtandao.

Baba mkubwa akanifuata na sahani yake. Akakaa kwenye nyasi. Alikula kidogo, akanyofoa mfupa.

"Maganda ya karanga," akasema. "Nyuma ya shuka. Niliyakuta Jumatano nilipofagia."

Nilitazama viatu vyangu. "Shikamoo, Bamkubwa."

"Shikamoo ya nini? Kula."

"Sasa kama ulijua, mbona hukuirudisha nyeusi? Kijivu ilikuwa bado iko kwa Shehe."

Alinyosha mfupa kuelekea uani. Kule uani bibi alikuwa akiwasimulia wazee kitu, mkono wake ukionyesha upande wa kushoto, mahali ambapo yule rafiki wa Babu alikuwa akipenda kukaa.

"Ningemwambia nini mama?" akasema. "Kwamba yule mzee hakukohoa?"

Akalamba vidole, akasimama, akajipangusa nyasi.

"Ila leo ulichelewa," akasema. "Nimebaki nimesimama pale kama nguzo ya umeme. Mwakani uwahi."